Afiemi

Mwalimu Nandonde aliandika neno ubaoni
kwa chaki iliyobaki kama kipande cha jino:
afiemi.
Tukanakili, sisi saba, makatekista wa Newala,
vidole bado vinanata utomvu wa mabibo.

Homa ikimtoka mgonjwa kitandani, akasema, ni hilo.
Mvuvi akiziacha nyavu pale pale zilipolowa, ni hilo.
Mume akimpa mkewe talaka, ni hilo.
Na deni likifutwa, ni hilo hilo.
Halina nguo ya Jumapili.

Kalamu yangu ikagoma.
Kwa maana mama yangu, Fidea Nachilongo,
aliachwa mwaka wa mvua kubwa
na begi moja, na sufuria isiyo na mfuniko,
na mimi mgongoni.
Kumbe kila jioni nikiomba msamaha
naomba kwa neno la baba?

Sikuuliza.
Jumamosi nikapanda bodaboda hadi Kitangari,
nikamkuta shambani ameinama,
anaokota.

Korosho haichumwi, wajua.
Ukiichuma ni mbichi, ghalani wataikataa.
Unangoja mti uiachie wenyewe,
bibo na yote, pu!
usiku, wakati hakuna anayetazama.

Nikamweleza kile Kigiriki, nikakikosea hapa na pale.
Akanyofoa korosho kwenye bibo,
akaitupa ndooni, akanyofoa nyingine.
“Baba yako alinitupa,” akasema.
“Kuniachia, hajaniachia mpaka leo;
bado anauliza watu kama nimenenepa.
Mimi ndiye niliyemwachia.
Mwaka gani sikumbuki. Nilikuwa napalilia.”

Mfukoni nilikuwa na daftari.
Ndani yake mdogo wangu, Likapa:
mifuko minne ya salfa, msimu wa juzi,
nimempigia mstari mwekundu mara mbili,
wa pili ukachana karatasi.
Mama hakuliona. Au aliliona.
Lilikuwa linanichoma paja kwa kuinama,
nikalitoa, nikaliweka juu ya kisiki,
nikashika upande wa pili wa mti.

Hatukusema tena habari za vitenzi.
Tulisema habari za bei,
na za mbuzi wa jirani, ambaye hana adabu.

Usiku nikalikumbuka.
Sitajifanya mwema: alfajiri nilirudi mbio kulichukua,
tochi mkononi, ndala moja imekatika.
Likapa alikuwa bado yumo, na mifuko yake minne,
ila wino ulikuwa umevimba, umetambaa pembeni.
Umande ulikuwa umeanza kazi bila mimi.