Daftari la Pande Mbili

Upande wa mbele lilikuwa la baba:
sukari, mafuta ya taa, unga ratili mbili,
"nitalipa karafuu zikikauka,"
na chini ya kila deni jina, au dole gumba
lililochovywa wino mpaka kwenye kucha.
Aliyelipa, baba humkata jina kwa rula,
mstari mmoja, mwekundu, basi.

Upande wa nyuma lilikuwa langu.
Nililigeuza juu chini, nikaanzia ukurasa wa mwisho,
nikaandika kwa herufi za skuli: WATU MASHUHURI.
Baba hakusema kitu.
Karatasi Chake Chake wakati ule hazikuwa za kuchezea.

Wa kwanza Khatib Shaame, golikipa wa Radi ya Konde,
waliyemwita Nyavu Kavu.
Nilimvizia nje ya Gombani, viatu vyangu mkononi.
"Saini yangu ya nini, mwana? Kwani nimekopa?"
Wenzake wakaangua kicheko.
Akavua glovu kwa meno,
akaandika taratibu, ulimi nje kidogo,
na herufi ya mwisho akaivuta mkia,
ukapinda, ukarudi chini ya jina lote
kama paka anayejifunika akilala.

Bi Rukaiya wa Kisimamajongoo alikuja kuimba harusini.
Peni ikamgomea. Akatoa wanja mkobani.
Mpaka leo ukipitisha kidole juu ya jina lake
kinatoka cheusi.

Mcha Vuai, mkimbiaji wa Makunduchi,
jasho lilimdondoka kabla wino haujakauka:
Mcha akabaki, Vuai akawa doa.

Mtangazaji wa redio, ambaye sauti yake
niliijua kuliko ya mjomba,
alinitazama kuanzia kandambili kupanda juu.
"Kasome," akasema.
Nikaliandika hilo neno mwenyewe, na tarehe.

Na Mtumweni wa Pujini, mcheza ng'ombe,
siku ile watu wamejaa mpaka kwenye matawi,
fahali anapumua vumbi, yeye na kitambaa chake tu.
"Kuandika sijui," akaniambia, "lakini huyu hapa,"
akabonyeza dole gumba lenye tope la kiwanjani.
Usiku sikulala.
Niliogopa baba akikosea upande
atamdai.

Mwaka kwa mwaka madeni yakaja huku,
sifa zikaja huku,
katikati zikabaki kurasa nne, kisha mbili.
Baba akatangulia.
Nikarithi duka, na mizani iliyolalia upande mmoja,
na rula.

Ramadhani iliyopita, baada ya alasiri,
akaingia mtu mzima, kofia imefifia,
vidole viwili vya kulia vimepinda kama vya mtu
aliyezoea kupigwa na kitu kizito.
Sukari kilo moja. Tende nusu.
"Niandikie. Nitalipa mwezi ukiandama."
Nikafungua ukurasa uliobaki.
Akaandika taratibu, ulimi nje kidogo.
Nikauona mkia kabla sijalisoma jina.

Nikaligeuza daftari juu chini, nikamfungulia nyuma kabisa.
Alitazama kitambo.
Nje mtoto alikuwa anapiga mpira ukutani,
pu, pu, pu.
"Huyu," akasema,
"alikuwa na mwandiko mzuri."
Akachukua tende zake.

Nilitaka kulifuta lile deni usiku uleule.
Rula mkononi, kalamu nyekundu wazi.
Lakini kulifuta deni ni kumkata mwenyewe,
na mimi sikumkimbilia Gombani peku
nije nimkate kwa shilingi elfu sita mia tano.

Alikuja kulipa Idi pili, kavaa kanzu ya pasi,
noti kazikunja mara nne.
Nikamwambia sina chenji.
Njoo kesho, Nyavu Kavu.
Njoo kesho.