Wiki Sita Dirishani

Mguu wangu wa kushoto umo ndani ya plasta,
umelazwa kitini kama mgonjwa wa mtu mwingine.
Ghala limenipa ruhusa ya wiki sita.
Nje ya dirisha la jikoni, hapa Rotherham,
kuna ua wa hatua nane kwa tano,
kamba ya nguo, pipa la taka la kijani,
na mipira ya mafuta aliyoitundika Bi Maureen
akiwa ameegemea ukuta wa upande wake.
"Utawahitaji," alisema. Hakusema akina nani.

Shomoro nawajua.
Huja kumi na saba kwa mkupuo, wakibishana,
huoga vumbi katika chungu cha maua yaliyokufa,
kila mmoja na kishimo chake,
na ole wake atakayekalia cha mwenziwe.

Saa tatu na robo hutua kwezi,
si wale wa buluu ya kung'aa niliowazoea Tanga;
hawa ni weusi, wamenyunyiziwa chumvi,
na hula kama basi la shule limesimama mkahawani.
Mmoja ameiga king'ora cha gari la jirani.
Mara mbili mwenye gari ametoka pekupeku.

Njiwa mnene haenei kwenye kamba.
Hukaa chini, shingo kaizamisha kifuani,
akingoja makombo ya wenye pupa.
Nilimdharau. Siku ya kumi na mbili
nikagundua ndiye pekee anayeshiba.

Yule mweusi mwenye mdomo wa manjano,
sina jina lake, namwita Karani,
hukimbia hatua nne, husimama, huinamisha kichwa
kana kwamba ardhi inamnong'oneza hesabu,
kisha huvuta nyungunyungu,
naye nyungunyungu huvuta.

Jumanne alipita kipanga.
Sikumwona akija. Niliona tu ua umenyamaza,
mpira wa mafuta ukizunguka peke yake,
na manyoya matatu ya kijivu
yakishuka bila haraka.
Baada ya dakika ishirini alirudi shomoro mmoja.
Kisha kumi na watano. Nilihesabu tena.
Njaa haikai matanga.

Na huyu wa kifua cha chungwa, mdogo kama ndimu,
hupigana na sura yake kwenye kioo cha mlango
tangu asubuhi; hajashinda, hajashindwa.
Usiku wa manane, maumivu yakiniamsha,
namsikia juu ya uzio akiimba:
taa ya barabara imemdanganya kuwa kumekucha.
Miaka sita nimefunga maboksi
chini ya taa kama hiyo, zamu ya usiku.
Sikujua nina mwenzangu kazini.

Kesho plasta inakatwa.
Bi Maureen anakwenda sokoni, ameuliza nataka nini.
Nimempa pauni tano juu ya ukuta:
mipira sita, ile yenye karanga.
Ile ya bei rahisi, nimemwambia,
Karani haigusi.