Fungu la Matembele

Igogo, taa ikizimwa,
ndipo kifua chako kinaanza kusema:
tik, tik.
Ng'wasi alipoisikia mara ya kwanza
aliitafuta saa chini ya mto.

Moyo una milango minne, walituambia,
wako mmoja ni wa chuma.
Damu ikigusa chuma inataka kuganda
kama uji uliosahauliwa chunguni;
ndiyo maana ya kidonge cha saa mbili usiku,
damu isahau kuganda.
Isahau, lakini si sana.

Nami nauza mboga Mlango Mmoja, Masalu.
Aprili, mvua ilipowafukuza wateja,
nilirudi na beseni halijapungua;
tukala matembele siku tisa,
mchana na jioni, ukausifu mkono wangu.
Kule Bugando wakakutoa damu, wakasoma:
moja nukta tatu. Nzito.
Daktari hakukutazama wewe.
"Mama, mmekula nini?"

Basi nikakata. Ugali na dagaa,
dagaa na ugali, jani hata moja hapana.
Goti likakuuma, Lugola wa dukani akakupa vidonge,
viwili viwili, "hivi havina neno."
Asubuhi mswaki ukatoka mwekundu,
pajani wingu jeusi, na hakuna aliyekupiga.
Sita nukta moja. Wakakulaza.

Nikamwambia daktari: nitajie cha kukata.
Akasema: Usikate. Pima.
Kilekile, leo kama jana,
masika kama kiangazi.
Dawa yake tunaipanga kwa mazoea ya sahani yake;
sahani isiyo na mazoea, tuipangie nini?

Mimi? Mwenye fungu linalovimba wakati wa mvua
na kukonda Septemba,
ninayejua kuyalaza majani yaonekane mengi?

Sasa kuna kikombe cha bati, kimebanduka rangi mdomoni.
Kikombe kimoja, majani yamebanwa, kila siku.
Na mkono ukishazoea hautofautishi jiko na soko:
juzi Mama Nyanzobe aliinua fungu langu, akalirusharusha,
"Jua lote hili, na fungu bado lilelile?"
Nikamjibu, ni ugonjwa wa nyumbani kwangu.
Alidhani natania.

Leo umepanda kilima peke yako, ukashuka,
na kabla hata ya hodi ukatamka mlangoni:
"Mbili nukta nane."

Nikaenda kusuuza kikombe.