Kuko Mutu Ndani

Kompresa ya kwanza tuliikataa.
Bahizire aliileta kwa chukudu kutoka Birere,
akaipangusa kwa kiganja kama anayeuza ng'ombe.
Lakini miaka sita imepuliza rangi kwenye milango ya teksi,
na nilipoweka pua kwenye mdomo wa bomba
nilinusa bluu.
Mtu havuti bluu mita sita chini ya maji.

Ya pili ni ndogo, hainywi mafuta,
hukohoa kama mtoto usiku.
Tukaipandisha juu ya jiwe la volkano,
jenereta tukaiweka mbali, moshi wake uende na upepo.

Kisha mdomo wa kuvutia hewa.
Hapo ndipo wageni hukosea.
Huku kwetu si kila hewa ni hewa.
Yako mazuku: hulala mashimoni
alfajiri, upepo ukiwa bado haujaamka,
hayana harufu, hayana rangi, hayana haraka.
Mwaka jana yaliwapata mbuzi watatu nyuma ya ukuta wa Masika,
wamekunja magoti vizuri, kama waliokaribishwa.
Basi bomba tukalifunga kwenye mti wa mkaratusi,
mita tatu juu,
tukangoja saa nne, jua lichome.
Ziwa lina gesi yake, sisi tuna pumzi yetu.
Zisijuane.

Vali nikaijaribu kwa ulimi:
hewa iende, isirudi,
ili moteri ikizimika
pumzi iliyo njiani isigeuke ikamnyonya mtu mapafu.
Maneno niliyomwambia Nzanzu jana usiku
nayo yalipita kwenye vali ya namna hii.

Mpira wa manjano, mita thelathini.
Niliupitisha wote mkononi nikitafuta jeraha.
Nikaufunga kwenye mkanda wake, si mdomoni;
afungwaye mdomoni, akivutwa, hung'olewa.
Kiunoni kilo nane za risasi,
risasi ya betri kuukuu, Bahizire aliiyeyusha kwenye sufuria,
si ile nyingine.
Neno ni lile lile. Tulicheka kidogo,
cheko la kwanza tangu jana.

Kamba: ukivuta mara moja, nipo.
Mbili, legeza.
Tatu, nitoe.
Kazi yote hii ina kitenzi kimoja:
yeye avuta pumzi, mimi navuta kamba,
kompresa yavuta mbingu kidogo kidogo na kuishusha.

Akazama kwenye chujio la pampu,
lililozibwa na mifuko na majani.
Wiki mbili sasa mabomba ya Keshero yanapiga miayo,
mtaa mzima unateremka ziwani na bidoni.
Mapovu yakapanda, mawili, matatu,
kama chungu cha maharage kwenye moto wa adabu.
Nikahesabu.
Nikahesabu.

Kisha hakukuwa na cha kuhesabu.

Kompresa inakohoa vilevile. Kipimo kinapanda.
Kamba mkononi mwangu ni kamba tu.

Nikageuka.
Msichana wa miaka saba hivi, jasho kipajini,
alikuwa ametua bidoni yake ya lita ishirini
apumzike,
juu ya mpira, pale pale unapovuka jiwe.
Sikupiga kelele. Mguu wangu ulifika kabla yangu.
Maji ya watu yakamwagika ziwani,
na pumzi ya mtu ikaondoka mbio kwenda kwa mwenyewe.

Mapovu, kundi zima, yakisukumana.

Kamba: mara moja.
Nipo.
Kimya. Halafu mara moja tena, taratibu.
Hiyo hatukuwa tumekubaliana maana yake.
Nami nikavuta mara moja, taratibu.

Msichana alikuwa analia kwa ajili ya maji yake.
Nikamjazia. Nikamwuliza jina, akasema Kanyere.
Nikamwonyesha mpira, nikamwekea kiganja chake juu,
akausikia ukitetemeka.
Macho yakamtoka.

Mpaka saa saba alitembea juu ya mawe yale meusi,
akienda na kurudi kando ya manjano,
fimbo mkononi, akiwafokea wamama, 
wavuvi, bata, hata Bahizire mwenyewe:
Musikanyange!
Kuko mutu ndani.