Vidole Viwili Chini ya Mbavu

"Kata hapa," akasema Ondina,
akaweka vidole viwili chini ya mbavu
na kunitazama kama mtu anayeagiza kahawa.

Mwaka huu Trieste yote inataka vitovu nje.
Tangu Machi nimekata sweta, fulana, jezi,
hata gauni la harusi la mama wa mtu.
Sakafu yangu imejaa nusu za chini za nguo,
mikia isiyo na mijusi.
Sibishani. Mimi ni fundi, si padri.
Mteja akitaka tumbo lake lione jua
kazi yangu ni kunyoosha upindo.

Lakini shati hili nalijua.
Buluu, mistari myembamba, kola imelika kushoto
alikokuwa akibana redio ya kreni bandarini.
Vifungo vyake nilivisogeza mimi:
mara ya kwanza nje, Duilio aliponenepa
kwa bia na ndoa;
mara ya pili ndani;
ya tatu ndani zaidi, Februari,
akiwa amesimama palepale aliposimama bintiye,
akisema, "Bado kidogo, fundi, bado,"
nami pini mdomoni, nikizishukuru pini.

Matundu ya sindano hayajaziba.
Liinue dirishani utayaona, safu tatu,
kama nyayo za ndege aliyebadili nia.

"Kwa nini usiliache zima?"
"Nikilivaa zima watu wananiambia pole.
Nataka mtu aniambie nimependeza."

Bibi yake, Ersilia, alikuwa mlangoni,
hajaingia, hajaondoka,
fulana ya sufi imekunjwa kwapani.
Upepo wetu huitwa Bora
ingawa sijaona aliyemfaa,
na kwa Ersilia mlango wake ni kitovu:
ukishaingia haulipi kodi wala hauhami.
"Tumbo si dirisha," akasema.
"Bibi, ni Juni."
"Juni nayo ina usiku."

Nikapima mara tatu.
Mkasi ukasita chini ya kifungo cha nne,
kisha ukapita, na ule mlio
wa pamba kuukuu inapokubali.
Nilikata kombo. Nusu kidole,
kulia juu kuliko kushoto.
Miaka thelathini na moja ya kazi!
Sikusema. Hawakuuliza.

Akatoka nyuma ya pazia
kitovu mbele kama taa ya baiskeli,
alama ya lastiki bado nyekundu kiunoni,
vinyweleo vimesimama kwa baridi ya feni.
Akageuka. Akanyanyua mikono, shati likapanda,
akaishusha, shati likagoma kushuka.
Tukanyamaza wote watatu.
Kisha nikasema, maana ndilo lililoagizwa:
"Umependeza."
Akacheka, akalia kidogo, akacheka tena,
akaomba bei ya mwanafunzi.

Jioni nafagia, Ersilia akarudi peke yake.
"Kile kipande."
Nilikuwa nimekiweka kando, sijui kwa nini:
mkia wa shati, vifungo vitatu,
upindo aliokuwa akiuchomekea kila alfajiri.
Alitaka nikiunge na ile fulana ya sufi
kiwe ukanda wa kufunga tumboni, ndani ya nguo,
pasipoonekana.
"Wa Ondina?"
"Wangu."

Akavua koti. Akainua blauzi
bila haya, kama mbele ya daktari,
nami nikazungusha futi
juu ya lile tumbo la mikunjo
lililobeba mtoto mmoja tu.
Tisini na nne. Nikaandika.
Futi ikabaki mkononi mwangu, ina joto.

"Msichana umemtoza ngapi?"
Nikamtajia.
"Umemwibia," akasema, akafungua pochi,
akahesabu sarafu moja moja mezani
mpaka nusu ya bei, kwa nusu ya shati.
Halafu akairudisha moja pochini.
"Hii," akasema, "ni ya kombo."