Mafungu Mawili na Majani Tisa

Kibwana aliituma simu kwa basi kutoka Dodoma,
imefungwa ndani ya soksi, soksi ndani ya boksi la biskuti,
na ujumbe: Dada, kila asubuhi kabla ya chai
mwekee baba kidole kwenye kamera.
Taa itawaka yenyewe. Subiri nusu dakika.
Namba zitanifikia huku huku.

Kwangu ilikubali mara moja.
Kidole kiliiva kama tungule mbele ya jua,
mstari ukapanda, ukashuka: sabini na nane.
Kwa Mwanahawa wa jirani, mia na sita,
alikuwa ametoka kukimbiza kuku.
Kwa baba: Hakuna mapigo yaliyopatikana.
Tafadhali weka kidole vizuri.

Kidole kilikuwa vizuri.
Ila miaka thelathini na mmoja ya mkonge, hapa hapa Pongwe,
mpini wa kisu, miba, utomvu unaokula ngozi
mpaka ngozi inachoka kuwasha, inakuwa gome.
Taa ilipiga hodi, haikufunguliwa.

Tukajaribu cha shahada. Tukajaribu cha kati,
kile kilichoacha ukucha shambani mwaka wa mvua kubwa.
Nikamwosha kwa maji ya moto, nikampaka mafuta ya nazi,
kidole kikateleza kwenye kioo.
Tafadhali weka kidole vizuri.
Baba akacheka mpaka akakohoa:
"Mwambie mdogo wako mimi ni maiti tangu alfajiri,
ila chai bado naitaka."

Ilihesabu na hatua. Saa kumi jioni ikalia mfukoni mwake:
Leo umetembea hatua mia mbili na sita. Jitahidi!
Akaitoa, akaisogeza mbali na macho ili aione.
"Huyu nyapara mpya, analipwa na nani?"
Wa zamani, anasema, alihesabu majani,
thelathini kwa fungu, likipungua moja anatupa lote,
lakini jua likikaza na yeye alitoka jasho.

Usiku sikulala. Muuguzi wa Bombo alishaniambia
moyo wa baba unapiga, unapiga, unasahau,
na huko kusahau ndiko kwa kuandika.
Kibwana akapiga: mbona namba haziji?
Nikamwambia mtandao.
Ningemwambiaje kwamba mashine yake
haiujui mkono uliomsomesha?

Asubuhi nikaacha taa, nikachukua saa tu.
Nikamfungua baba vifungo viwili vya shati,
nikalaza sikio kifuani.
Sijawa karibu naye hivyo tangu nilipovunja ungo.
Sabuni ya kipande, na tumbaku aliyoapa kaiacha.
Kwanza nikasikia tumbo, kisha jogoo wa kina Mwanahawa,
kisha, chini kabisa,
kama mtu anayekata majani peke yake mwisho wa shamba:
ka. ka. ka.

ka.

Nikahesabu kwa sauti. Kwenye thelathini akanigusa bega:
"Fungu hilo. Funga, weka pembeni, anza jingine."
Nikaanza jingine. Likajaa.
La tatu halikufika mbali, dakika ikaisha kwenye jani la tisa.
"Mangapi yamedondoka njiani?"
Manne, nikasema. Yalikuwa saba.
"Hmm," akasema, akaanza kufunga vifungo,
cha chini kwanza.

Kwenye kisanduku nikaandika: mafungu mawili na majani tisa.
Kikakataa. Kinataka tarakimu.
Nikaandika 69, kikapokea,
kikanipa alama ya kijani na Hongera.
Nafasi ya yale saba haikuwepo.

Nikampigia Kibwana nimwambie kwa mdomo.
Safari hii mtandao ulikuwa haupo kweli.