Daftari la Rambirambi

Kaunta buku, jalada jekundu, kona zimeliwa.
Ukurasa wa kwanza, mwandiko wa karani wa mizigo:
RAMBIRAMBI YA NDUGU YETU KAPELA.
Chini yake majina arobaini na moja,
na mbele ya kila jina, bei yangu.

Nilianguka Jumanne, stesheni ya Tabora,
bendera ya kijani mkononi,
treni ya Kigoma ndiyo kwanza inashusha pumzi.
Sikuona mwanga. Sikuona babu zangu.
Wanaoniuliza huondoka wamenuna.
Niliona kokoto moja yenye grisi,
kisha hata hiyo kokoto sikuiona.

Treni ikisimama hupigiwa filimbi, ikaondoka.
Moyo ukisimama, nani ana filimbi yake?

Behewa la tatu alishuka Anastazia Bukuru,
mama wa Kasulu, dumu la mawese kichwani.
Akalibwaga. Akasema, "Sogeeni!"
Akapiga magoti kwenye kokoto,
akapachika viganja katikati ya kifua changu
akanitwanga,
moja, mbili, tatu, mpaka thelathini,
kama anatwanga kisamvu na wageni wameshakaa.
Akanitwanga ndani ya bajaji, njia nzima ya kwenda Kitete,
huku akimwambia dereva
kwamba alifundishwa siku moja tu,
kwenye mdoli wa mpira,
na siku ile alicheka sana.

Kitete wakanipiga umeme.
Mbavu mbili zilivunjika.
Nilizisikia baadaye, kila nikipiga chafya.

Isevya habari ilishatangulia, habari mbaya haina breki.
Nyamizi, mke wangu, keshakalishwa mkekani,
turubai limekodiwa, sufuria zimeazimwa,
daftari limefunguliwa.
Saa kumi jioni marehemu akaomba uji.

Sasa ndilo jina langu: Marehemu.
Wala sikasiriki. Marehemu hufunguliwa mlango haraka.
Napita na daftari lile lile:
Mzee Mihayo, uliandika elfu ishirini.
Ulitaka kunipa nikiwa siwezi kuzihesabu.
Nipe leo.
Akacheka mpaka kofia ikaanguka, akatoa kumi:
"Nusu. Maana ulikufa nusu."
Mama lishe Tatu hakuwa ameandika, hakunipenda.
Leo kaandika elfu tano,
na chumvi, kasema, ataipunguza kwenye maharage,
kwenye mchicha nisimwingilie.
Jafari hataki kugusa mkono wangu.
Noti yake huiweka chini ya jiwe, akarudi nyuma,
nami naiokota kama kuku.
Pesa ni pesa.

Nilisahau kusema: presha nilikuwa nayo miaka sita.
Vidonge nilivimeza kama mtu anavyokwenda kusali,
kwa msimu.
Hilo nalisema kila mlango, kabla ya kutaja pesa.

Tumeshapata vipimo viwili vya presha
na benchi pembeni ya dirisha la tiketi.
Jumamosi wapagazi hupanga foleni, mikono wazi,
wanaume wanaobeba magunia mawili mawili
wanafumba macho mkanda ukiwabana.
Tumepata mdoli pia. Wanamtwanga kwa zamu.
Mmoja huwa ananyoosha kidole: "Marehemu, ulikuwa hivi?"
Nilikuwa hivyo. Mdomo wazi.

Mashine ya kushtua moyo, ile ya kutundikwa ukutani,
bado. Bei yake ina sifuri nyingi.
Majina kumi na tisa hayajalipa,
na wawili kati yao tumeshawazika
kwa daftari jingine.

Ukurasa wa mwisho nimeandika mwenyewe, kwa wino mweusi:
Anastazia Bukuru. Mawese, lita ishirini. Yalimwagika.
Nadaiwa.
Aliondoka kabla sijaamka, ana harusi ya kuwahi Dodoma,
namba ya simu hakuacha.

Kila treni ya Kigoma ikiingia
nasimama usawa wa behewa la tatu,
bendera mkononi,
dumu miguuni, limejaa mpaka kizibo.